Faili Tupu la Waziri

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, na hakuna mtu aliyeuandika.

Nafisa aliukuta asubuhi, katika ile ofisi ndogo ya mradi iliyo juu ya mwalo wa Rumonge, pwani ya Burundi ambapo boti za wavuvi hutia nanga, chai ikipoa kando ya kompyuta. Kazi aliyokuwa akiifanya haikuwa ya kumtoa mtu jasho. Kila boti ya mradi ilikuwa na kifaa kidogo cha kuiongoza: ukungu ukifunga au upepo wa kusini ukichafua ziwa, kifaa kinamwonyesha nahodha njia ya kurudi na kumwambia kwa sauti. Mipangilio ya vifaa hivyo iliandikwa katika mafaili. Kulikuwa na faili la msingi la boti zote, na kila nahodha alikuwa na faili lake dogo lenye mambo yake machache, huyu anataka aelezwe kwa Kirundi, yule anataka aonywe mapema kidogo. Sasa mradi ulitaka mafaili yote yawe moja. Nafisa akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika amri ya kuunganisha, akayataja mafaili, akabonyeza.

Chombo cha kuunganisha kina akili ya kitoto, na ndiyo maana watu wanakiamini. Kinachukua faili la kwanza lote. Kisha kinaweka la pili juu yake, mtu anavyotandika shuka juu ya shuka. Mistari isiyoguswa inabaki, mistari inayotofautiana inabadilishwa, na faili la mwisho ndilo lenye kauli ya mwisho. Ukilitazama lililotoka unaona faili lilelile la kwanza. Usipojua ni mistari gani iliyobadilishwa, utaapa kwamba hakuna kilichoguswa.

Mafaili yalijipanga kwa herufi za majina ya manahodha. La Assumani lilikuwa mwanzoni, la Waziri mwisho kabisa. Na la Waziri lilikuwa tupu.

Waziri alikuwa mume wa Nafisa. Boti yake ilipinduka upande wa Gitaza mwaka uliopita, wakati vifaa vilikuwa bado kwenye maboksi. Wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana. Ziwa lile lina kina kisicho na huruma, likikuficha limekuficha. Vifaa vilipogawiwa, Nafisa alikuta faili lake limekwisha kuandaliwa, akafuta mistari yake mmoja mmoja, lakini faili lenyewe likamshinda kulifuta. Aliliacha na jina lake tu, bila kitu ndani. Nyumbani nako ilikuwa hivyohivyo. Mama Sikuzani, mama mkwe wake, alikuwa bado anampakulia mwanawe. Sahani ya Waziri iliwekwa mkekani kila mchana, kwa sababu katika ukoo ule mtu wa ziwani hupakuliwa mpaka aonekane au asaliwe sala ya maiti, na Mama Sikuzani alikataa katakata mwanawe asaliwe. Chakula kikishapoa wanapewa kuku. Kuku wa nyumba ile walinenepa.

Nafisa hakupinga. Tangu ajali hakuwa akipinga kitu. Hakulia pia, na majirani walilisema sana jambo hilo. Alikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: unajua ni wako, ila ukiugusa haukujibu. Alienda kazini, alirudi, alipika. Kilichobaki cha Waziri ndani ya kichwa chake kilikuwa vitu vidogo visivyo na maana. Alikuwa akitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, mama yake akimwambia ana ulimi wa mbuzi. Na alikuwa akimwita Nafisa "patron", yaani bosi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ofisi.

Sasa, katika faili lililotoka, mstari uliosema *nyumbani* haukuonyesha mwalo wa Rumonge. Ulikuwa na namba nyingine. Nafisa akazitafuta kwenye ramani, alama ikaangukia katikati ya ziwa, penye maji marefu, Kongo upande mmoja na Burundi upande wa pili. Akatoa amri ya kuzitafuta namba zile ndani ya mafaili yote. Hazikuwamo. Akaunganisha tena bila faili la Waziri, mstari ukarudi kuwa wa kawaida. Akalirudisha, namba za ziwani zikarudi nazo. Akalifungua faili la Waziri, akaona weupe mtupu.

"Jephté, kuja uone," alisema.

Jephté, mkuu wa ofisi, alikuwa Mkongo wa Uvira na shemasi wa kanisa lake. Aliinama juu ya bega lake akatazama kwa muda.

"Hii ni ordinateur imechoka tu," alisema, akiigonga kompyuta kwa kidole. "Futa ile fichier ya Waziri. Mutu hayuko tena, fichier yake inafanya nini?"

"Siwezi kumufuta. Kumufuta ni kumuzika."

"Nafisa. Mwaka muzima."

"Mama yake hajakubali asaliwe. Mimi ni nani nimuzike mbele ya mama yake?"

Watu wa pwani ile, Waislamu kwa Wakristo, hawabishani na mama wa mtu aliyepotea majini. "Basi, acha vile," alisema. "Wageni ba projet bako njiani, miye niko na mambo mingi."

Siku zilizofuata Nafisa alikuwa akifika, anaweka mkoba, anaunganisha mafaili, anaitazama ile alama kwenye ramani. Ilikuwa inasogea. Ilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, kila asubuhi iko karibu zaidi na Rumonge. Hakumwambia mtu. Msidhani alikuwa jasiri. Mwanamke mwingine angetupa kompyuta dirishani akakimbilia Bujumbura na kandambili za watu. Yeye aliandika tarehe kando ya namba, kwa mazoea ya kazi, akaenda kununua mandazi.

Halafu likaja jambo la mchana. Jua lilikuwa kali, wanawake wameanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mpaka ukingo wa barabara, magari ya kwenda Nyanza-Lac yanapiga honi, na katikati ya kelele hizo zote za heri Nafisa akasikia harufu ya yai viza. Wavuvi wanaijua harufu hiyo. Ni ya maji ya chini kabisa, maji yasiyoishi samaki, na wavu ukiteremshwa mno hupanda nayo, ila hapakuwa na wavu ofisini, na harufu haikuja kutoka dirishani bali kutoka pembeni, kwenye kiti cha plastiki alichokuwa akikalia Waziri zamani alipokuja kumsubiri atoke kazini, na alipogeuka akakiona kiti kimelowa, maji yamejaa pale mtu anapokalia, yanadondoka sakafuni tone baada ya tone, na kile kifaa cha majaribio kilichokuwa mezani, ambacho yeye mwenyewe alikizima na kukitoa betri, kikasema kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyoirekodi kwa ajili ya wavuvi, kwa upole kabisa, "Unakaribia nyumbani."

Nafisa alichukua kitambaa akapangusa kiti.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama Sikuzani ameketi mkekani, hajatandua. Sahani ya Waziri ilikuwa nyeupe, haina kitu. Haikulambwa na paka wala kudonolewa na kuku. Ilikuwa imeliwa na mtu, miiba ya mukeke, yule samaki wa ziwani, imepangwa ukingoni. Pembeni mwa sahani mkeka ulikuwa na unyevu.

"Amekula," alisema mama mkwe, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Nilienda kuchota maji, nikarudi, nikakuta amekula."

"Mama, nani amekula?"

"Usiniulize nani. Miye ndiye nilimuzaa."

Assumani, mdogo wake Waziri, alitoka chumbani akijifunga shati. Ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani, nahodha naye, mcheshi, mpenda sukari mpaka chai yake inasimamisha kijiko. Tangu kaka yake apotee hakuwa akienda ziwani bila kile kifaa. Wenzake walimcheka kwamba amekioa. Aliitazama sahani, akamtazama Nafisa, ucheshi ukamtoka usoni.

"Shemeji," alinong'ona, "tumwite Mwalimu Radjabu."

Mwalimu Radjabu alikuja kwa pikipiki akilalamikia goti lake. Alikuwa mfundisha Kurani wa mtaa, mtu wa kawaida, asiye na kilemba kikubwa wala chetezo cha kutisha. Aliinusa sahani, akauliza maswali, na Nafisa akamweleza pia habari za ofisini, faili, ramani na kiti. Alidhani atachekwa. Mwalimu hakucheka.

"Vitu viwili ni kimoja," alisema. "Hapa mumeweka sahani na jina, mutu haiko. Kule umeweka fichier na jina, mutu haiko. Jini anapita ziwani hana pa kukaa, anaona mulango wazi, jina liko juu ya mulango. Angekosa kuingia?"

"Huyu ni mwanangu," alisema Mama Sikuzani.

"Mama, mwanako angekula, angekusalimia."

"Amechoka. Ametoka mbali."

"Sahani itoke. Fichier ifutwe. Na Waziri asaliwe sala ya asiyekuwepo, kila mutu ajue amekwenda kwa Mungu. Bila ivyo kusoma kwangu ni kelele tu."

Mama Sikuzani aliivuta sahani akaiweka mapajani. "Munataka nifukuze mwanangu akiwa na njaa," alisema, akaishikilia mpaka mwalimu alipoondoka. Nafisa alimhurumia, au alikumbuka kwamba hapo ndipo mtu humhurumia mwenzake.

Kesho yake wageni wa mradi wakaja. Jephté aliwazungusha, akawaonyesha boti na vifaa, na jioni, walipotaka kuona faili lile moja la wote likifanya kazi, alichukua lililokuwa limeunganishwa asubuhi ile akalituma kwenye kila boti. Nafisa alikuwa ametumwa kuchukua soda. Hakujua.

Alijua asubuhi iliyofuata. Mvua ilinyesha usiku, na kulipokucha ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mzito, huoni hata boti zilizofungwa. Wanawake walikuwa mwaloni na mabeseni yao wakisubiri, wanaume wakigonga madebe ili walio ziwani wafuate mlio. Boti zikaanza kuingia moja moja. Manahodha wazee walisema kifaa kiliwaambia mambo ya kijinga, kikitaka wageuke warudi ziwani, wakakizima wakafuata madebe. Boti ya Assumani haikuwamo.

"Ulituma ile fichier," Nafisa alimwambia Jephté.

Jephté alikuwa amejikunyata mlangoni mwa ofisi. "Nilituma. Bageni balikuwa banaangalia."

"Assumani anakiamini kile kifaa kuliko macho yake."

"Ninajua," alisema Jephté. "Ninajua, dada."

Mama Sikuzani alikuwa amesimama maji yamemfika vifundoni, kitenge kimelowa. Nafisa akamfuata, akamweleza kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na mengi: ile sahani na lile faili ni kitu kimoja, na Assumani anaongozwa kwenda kwa yule jini aliyevikalia. Mwalimu Radjabu alikuwa nyuma yao, ameletwa na habari. Madebe yaligongwa. Yule mama alitazama ukungu kwa muda mrefu, na kila mtu aliyekuwa karibu alijua anachoombwa: akubali mtoto mmoja amekufa ili apewe mwingine, naye alikuwa amekaa mwaka mzima na sahani mkononi kwa ajili ya kutokubali.

"Mumusali Waziri," alisema mwishoni. "Mungu anisamehe. Mumusali."

Watu wakajipanga pale pale mchangani. Nafisa alipanda ofisini. Harufu ya yai viza ilimpokea mlangoni, nzito mpaka machozi yakamtoka, machozi yake ya kwanza, na hayakuwa ya huzuni. Kiti cha plastiki kilikuwa kimehama, kimewekwa kuikabili kompyuta, na maji yalikuwa yametanda sakafuni yakifika chini ya meza, ya baridi, akayakanyaga kwa kandambili zake akaketi, akaandika amri ya kufuta, na kabla hajabonyeza, kile kifaa kikasema kwa sauti yake, "Unakaribia nyumbani," kikarudia, "Unakaribia nyumbani," na kutoka chini mwaloni sauti ya mwalimu ikapanda ikisema Allahu Akbar, na nyuma ya shingo yake Nafisa akasikia pumzi, pumzi iliyolowa, ikisubiri kwa adabu kama mume anavyomsubiri mke amalize kazi, na akajua kwamba akigeuka hatabonyeza.

Akabonyeza. Akaunganisha tena, akasoma mstari wa *nyumbani* mara tatu. Ulikuwa mwalo wa Rumonge. Akautuma kwa boti zote.

Harufu iliondoka. Alipoinua macho sakafu ilikuwa kavu, na kifaa kilikuwa kifaa tu. Nje ukungu ulikuwa unapasuka, jua likishuka vipande vipande juu ya maji, na watu mwaloni wakaanza kuita. Boti ya Assumani ilikuwa inakuja.

Assumani aliketi mbele, amefunikwa turubai, amelowa. Mama yake alimkumbatia. Meshaki, mvuvi wake, ndiye aliyesimulia huku akifunga kamba.

"Kifaa kilituongoza mpaka mahali maji yametulia kabisa. Kikasema tumefika nyumbani. Assumani akainama, nikaona kama anasalimia mutu, akaingia majini. Alikaa chini muda kidogo. Si murefu. Tukamuvuta na kamba ya wavu, na pale pale ukungu ukafunguka."

"Alhamdulillahi," alisema Mwalimu Radjabu, akampulizia Assumani dua usoni, na Assumani akaitikia amina vizuri. Watu wakasema mambo yamekwisha. Jephté alilia waziwazi, akamshika mwalimu mkono kumshukuru, "Murakoze, murakoze," na hakuacha mpaka mwalimu alipouvuta mkono wake.

Mchana huo walikula nyumbani. Mama Sikuzani alikuwa amempa jirani sahani ya Waziri aende nayo popote. Alipakua kwa idadi ya watu waliokuwapo, na mkeka ulionekana mkubwa. Assumani alioga, akavaa kanzu safi, akaja kuketi. Alikuwa Assumani kwa kila hali: kovu lake la kidevuni, masikio yake yaliyochomoza, namna yake ya kukunja mguu mmoja. Alimtania mama yake kuhusu wali ulioungua chini. Alikula mukeke, na alipomaliza akaipanga miiba ukingoni mwa sahani.

Nafisa aliiona miiba. Akasema moyoni kwamba ndugu hufanana.

Akammiminia chai, akatia sukari vijiko vinne, ile desturi ya Assumani, akakoroga, akampa. Assumani alionja. Akakitua kikombe taratibu, akamtazama kwa macho ya upole, yaliyochoka, ya mtu aliyetoka mbali.

"Patron," alisema, "sukari hii umemuwekea nani?"

Mama Sikuzani alikuwa ameinamisha uso. Halafu mkono wake mzee ukanyooka juu ya mkeka, ukashika kopo la chumvi, ukalisukuma mpaka mbele ya mkwewe, na ukarudi mapajani.

Mwalimu Radjabu alikuwa nyumba ya tatu, amealikwa chakula. Sauti yake ya kulalamikia goti ilisikika. Kumwita kulihitaji mtu ainue kichwa tu dirishani. Nafisa aliwaza habari za Assumani, kijana wa watu, mcheshi, asiyemkosea mtu: ni mistari mingapi yake iliyobaki chini, na mingapi iliyobadilishwa juu, na kwamba mtu wa nje akitazama ataapa hakuna kilichoguswa. Alijua linalompasa. Alilijua kama anavyojua kazi yake.

Lakini kifuani mwake kitu kilikuwa kimeanza kuchoma, sindano ndogo ndogo, kama mguu unapoamka. Iliuma sana. Ilikuwa furaha, ya kwanza tangu mwaka uliopita, na alijiogopa kwa sababu yake kuliko alivyokiogopa kile kiti kilicholowa.

Akaichukua chai ile, akaimwaga uani, akamimina nyingine, akatia chumvi.